Andaa Matukio Yako Kabla ya Kuandaa Majibu ya Usaili

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa orodha ya walioitwa kwenye usaili, vijana wengi hapa Kigoma hukimbilia steshenari kuchapisha faili la maswali na majibu ambalo limekwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kisha hujifungia ndani kulikariri neno kwa neno. Naamini kwamba faili hilo linawadhuru kuliko linavyowasaidia, na inaniuma kuona kijana mwenye uwezo akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu aliingia kwenye chumba cha usaili na maneno ya mtu mwingine.

Kuyajua maswali hakuna ubaya. Karibu kila jopo litakutaka ujieleze kwa ufupi, litakuuliza kwa nini unaitaka kazi hiyo, udhaifu wako ni upi, na kwa nini uchaguliwe wewe. Ubaya huanza pale jibu linapotangulia kufikiriwa na mtu asiyekujua. Msailiwa anayesema kwamba yeye ni mchapakazi, mbunifu na mwepesi wa kushirikiana na wenzake huenda anasema kweli tupu, lakini wasaili walioketi tangu asubuhi wameyasikia maneno hayo kutoka kwa waliomtangulia, na swali linalofuata huwa fupi: "Tupe mfano." Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa faili halikuwa na mfano wao, wala lisingeweza kuwa nao.

Kwa hiyo kinachostahili kuandaliwa kwanza ni matukio. Kaa na daftari, ukumbuke kazi ulizowahi kuzifanya kwa mikono yako au kwa akili yako, zikiwemo zile ambazo hukulipwa, kisha uandike kwa kila moja hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulichukua hatua gani, na mwisho wake ulikuwa upi. Vijana wa mkoa huu wana hazina kubwa ya matukio ya namna hiyo, ila wameaminishwa kwamba uzoefu ni ule wenye barua ya ajira pekee. Mchukue binti mwenye stashahada ya uhasibu ambaye kila likizo alimtunzia shangazi yake hesabu za dagaa pale mwalo wa Kibirizi: alijua ni nani amekopeshwa, alitenganisha fedha ya mtaji na ya matumizi ya nyumbani, na siku hesabu ilipopungua alirudia daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka akaona kwamba mzigo mmoja uliandikwa mara mbili. Akiulizwa kuhusu uaminifu, umakini au namna anavyokabili tatizo, tukio hilo moja linajibu yote matatu. Hata hivyo, binti huyo huyo atasimama mbele ya jopo na kusema kwamba hana uzoefu wowote, kwa kuona haya kutaja dagaa mbele ya watu waliovaa suti. Haya hiyo haina msingi. Msaili anatafuta ushahidi wa tabia ya kazi, na ushahidi huo unaweza kutoka kwenye mawese, kwenye kwaya, au kwenye kamati ya maji ya kijiji.

Swali la udhaifu ndilo linaloharibiwa zaidi na kukariri, maana faili linamfundisha kijana kujibu kwamba udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. Ni heri ataje upungufu wa kweli usiogusa kiini cha kazi anayoiomba, kisha aeleze anachokifanya kuurekebisha. Anayeomba kazi ya utunzaji wa kumbukumbu anaweza kusema kwamba huona woga kuzungumza mbele ya watu wengi, na kwamba ameanza kujizoeza kwa kuendesha vikao vya kikundi chake.

Tangazo la kazi nalo lisomwe kama mtihani uliovuja kihalali. Majukumu yaliyoorodheshwa humo ndiyo chimbuko la maswali mengi, na ngazi ya mshahara serikalini kwa kawaida huwa imetajwa, kwa hiyo mwombaji hana sababu ya kubabaika akiulizwa habari za malipo. Anayeomba kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ajiandae kueleza kwa undani angefanya nini akibaini kwamba mfanyakazi mwenzake anamnyanyasa mhudumiwa, kwani suala hilo mashirika hayo hulipa uzito mkubwa. Mambo ya vyeti halisi na majina yanayotofautiana kati ya cheti kimoja na kingine yashughulikiwe mapema, kwa kuwa jibu zuri halimsaidii aliyezuiwa mlangoni.

Baada ya hapo, mazoezi yafanywe kwa sauti. Mtafute kaka, mwalimu wako wa zamani au jirani aliyewahi kuajiriwa, umwombe akuulize bila kufuata mpangilio, akukatishe katikati, na akudai mfano kila unapojisifu. Kama usaili unaweza kuendeshwa kwa Kiingereza, simulia matukio yale yale kwa Kiingereza chepesi unachokimudu, badala ya kukariri aya nzito ambayo neno moja likikutoka inabomoka yote. Ningefurahi kuona vyuo vyetu, hapa Kigoma na kule Tabora, vikilitengea zoezi hili muda katika muhula wa mwisho, wahadhiri wakiketi kama jopo na kila mwanafunzi akiingia peke yake, kwa sababu kijana ambaye wazazi wake ni wavuvi au wakulima hana mtu nyumbani wa kumwigizia usaili, na chuo ndicho mahali pa mwisho ambapo angeweza kumpata.