Nadaiwa, Kwa Hiyo Nanunua

Jana saa nane mchana, jua la kukaanga mayai, nilipita uchochoroni nimevaa koti. Ndani ya koti kilo mbili za maharage. Si wizi, nimenunua kwa pesa yangu, ila kwenye duka la mtaa wa pili. Mangi wetu ana daftari la madeni, na jina langu liko ukurasa wa tatu: shilingi 4,800. Akiniona na mfuko wa duka jingine, hadi magharibi kibaraza kizima kitajua. Na maharage yake sasa! Ukiyachambua unabaki na kokoto za kumwagia msingi. Ukilalamika anauliza kwa upole, "Kaka, na lile la zamani?" Unameza.

Nilidhani ni mkosi wangu mwenyewe. Kumbe kule Ur, kusini mwa Iraki ya leo, yapata mwaka 1750 KK, bwana mmoja aitwaye Nanni alimtumia mfanyabiashara wa shaba, Ea-nasir, malalamiko kwenye kibao cha udongo. Kibao kipo mpaka leo, British Museum, London. Shaba mbovu! Wajumbe wangu umewarudisha mikono mitupu, tena wamekatiza nchi ya adui! Mara katikati ya moto huo anagusia deni: eti unanidharau kwa sababu ya mina moja tu ya fedha unayonidai. Hiyo ni kama nusu kilo. Nikasema, ahaa, ukurasa wa tatu huo. Na kitisho chake? Kwamba kuanzia sasa shaba atajichagulia mwenyewe, kipande kwa kipande, uani kwake. Mzee wangu, hapo umetishia au umeagiza?

Babeli ndiko walikomaliza kabisa. Sheria za mfalme wao Hammurabi zinasema muuza pombe akikukopesha qa 60 za bia (qa ni kipimo chao cha ujazo), mavuno yakifika anachukua qa 50 za nafaka. Katikati hapo utakunywa kwa nani mwingine? Ila akipunja, sheria hizo hizo zinaamuru atupwe majini. Hiyo nilimpelekea mangi mbio mbio.

"Maji gani, kaka? Bomba leo siku ya nne."

Nikainamia gunia, nikajichagulia mwenyewe, punje kwa punje. Akapima, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa tatu: 7,600. Natoka, akanitupia pipi mbili.

"Za watoto hizo. Nyongeza."

Moja nimeila njiani.