Mtoto wa Thika na Ile Nyeusi

Kabla hujanitumia picha nyingine ya mbwa aliyevaa kofia ya mpishi, nisikilize. Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye grupu letu, kuhusu kiamsha kinywa nilichopika, ni ya kweli kama robo tatu hivi. Robo iliyobaki ni chumvi ya yule jamaa, ambaye hata hakuwepo. Mimi ndiye niliyempigia simu nikiwa nimejifungia chooni, nikamwomba ushauri wa kiume, yeye akanirekodi. Basi jueni: sikulia, sikufukuzwa, na sikula chakula cha mbwa. Mbwa ndiye aliyekula changu. Hata si changu. Cha mzee.

Wazee ninaopanga chumba kwao hapa nje ya Manchester mnawajua, nimewasimulia mara nyingi. Jumapili mzee alikuwa anatimiza miaka 80. Jumamosi usiku nikafungua mdomo huu ambao mama yangu alishaukemea tangu nikiwa darasa la tatu, nikasema: "Kesho mlale. Kiamsha kinywa ni juu yangu. Cha Kiingereza, kamili."

Mzee hakucheka. Alitafuta bahasha ya bili, akaigeuza, akaanza kuandika kama anaandika wosia. Bekoni iwe ya mgongo, si ile ya ukanda ya Wamarekani. Soseji mbili kwa kila mtu. Mayai ya kukaanga, kiini kitikisike. Nyanya zikatwe katikati zichomwe. Uyoga. Mkate ukaangwe kwenye mafuta yaliyoachwa na bekoni. Maharagwe ya kopo. Sahani zipashwe moto kwanza. Ile sosi ya kahawia iwekwe mezani, ile ya chupa yenye picha ya Bunge lao. (Hebu fikiria Bunge letu kwenye chupa ya sosi. Nani angeipeleka nyumbani?) Na vile vibapa vya viazi vya kukaanga nisithubutu, maana hivyo ni vya Marekani.

Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuniambia hayo maharagwe ya kopo nayo yalitoka Marekani, kwamba kampuni ya Heinz ya Marekani ndiyo iliyoyaleta London. Mzee akaniangalia. Akaenda kufunga pazia.

Chini kabisa ya bahasha, amepigia mistari miwili: *pudini nyeusi, iko kwenye friji.*

Sasa hapa ndugu zangu nawaomba haki. Ukiambiwa pudini, unawaza nini? Mimi nimesoma bweni. Pudini ni kitu cha bakuli na kijiko. Ni laini. Mtu haiti pudini kitu kigumu.

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua friji. Nakuta vitu vyeusi viwili.

Cha kwanza kiko kwenye bakuli la plastiki: uji mweusi, mzito, unang'aa kama lami ya barabara mpya. Cha pili kimefungwa kwenye karatasi ya bucha, kiko ubavuni mwa kopo la chakula cha mbwa. Nikafunua. Kitu cheusi, kigumu, kimekunjwa kama kiatu cha farasi, ncha zimefungwa kwa uzi. Huku mbwa wana maduka yao, na kwa macho yangu nimeona masikio ya nguruwe yaliyokaushwa yakiuzwa ili mbwa wapate cha kutafuna. Na wakati huohuo lile zee la mbwa likaja likasimama miguuni pangu, mkia unakwenda huku na huku. Mbwa yule aliniambia ni chake. Naapa aliniambia.

Nikampa.

Halafu nikapika. Na nilipika vizuri, jamani, hilo kwenye ile sauti halimo. Ule uji mweusi nikauchota kwa kijiko, nikaudondosha kwenye mafuta ya bekoni kama vitumbua. Ulinukia bahari kidogo, nikasema labda ndiyo Uingereza yenyewe, si ni kisiwa?

Saa mbili wazee wamekaa. Mzee amevaa tai. Kwa chai, amevaa tai. Nikaweka sahani, moto kabisa, nikarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

Bibi akaangalia. Akaweka mkono kifuani. Bibi ni mtu wa Wales, na dada yake humtumia kutoka Swansea mwani uliochemshwa mpaka ukawa uji, chakula cha asubuhi cha kwao tangu zamani. Amekaa na bakuli zake miaka yote ya ndoa na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumkaangia. Macho yakamlengalenga. Akasema, "Umejuaje?"

Mimi nikatabasamu kama mtu aliyejua.

Mzee naye anaita orodha kimoyomoyo. Mdomo unacheza. Uma unagusa bekoni. Unagusa soseji. Unagusa nyanya. Unafika kwenye vile vitumbua vyeusi, unasimama. Anakigeuza kimoja. Anakirudisha kilivyokuwa. Kimya kile, unasikia saa ya ukutani inavyomeza mate. Kisha, kwa upole wa mtu anayeuliza habari za mgonjwa, akasema: "Kijana, na ile nyeusi iko wapi?"

Nikasema, "Si hiyo, mzee."

Na hapo, taratibu, kucha zikisikika kwenye vigae, ka, ka, ka, mbwa akaingia. Hakuja haraka. Alikuja kama mgeni rasmi. Tumbo limetangulia. Kwenye pembe ya mdomo unaning'inia uzi mweupe, unayumba kushoto, unayumba kulia. Akapita kati yetu, akakaa mbele ya mzee, akapiga mbweu.

Ule upepo ulinifikia. Damu iliyopikwa. Viungo. Mafuta. Na pale pale, watu wangu, nikarudi Thika, saa kumi na mbili jioni, steji, moshi, yule mzee wa kibao na kisu chake, kachumbari kwenye kijiti.

Ilikuwa mutura.

(Watanzania mnaouliza: utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa. Waingereza kwenye pudini yao nyeusi wanajaza damu ya nguruwe, mafuta na nafaka, basi. Ukoo ni mmoja.)

Mimi! Niliyenyonyeshwa kwa mutura! Nimeishika kwa mikono miwili, baridi, nikamwinamia mbwa nikamwambia "karibu." Tena si mutura wa dukani. Mzee alikuwa amepanda tramu Jumamosi mpaka soko la Bury, ambako ndiko wanakokwenda watu wanaoijua kazi hiyo, na Jumapili soko limefungwa.

Mzee aliutazama uzi. Akanitazama mimi. Akachukua ile sosi ya Bunge, akamimina, akala mwani wa mkewe wote, bila neno. Bibi ndiye aliyekuwa akicheka, amejifunika kitambaa usoni, mabega yanaruka. Hapo ndipo nilipoenda chooni kupiga ile simu.

Mengine ni mafupi. Daktari wa mifugo alisema mbwa apewe maji na aangaliwe. Alilala mpaka Jumatatu akikoroma. Sasa nikigusa tu mlango wa friji anatokea, amekaa wima, ananitazama machoni kama mshirika wa biashara.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka mzee Bury kwa nauli yangu. Nilijua angalau huko hakuna anayenijua. Tukasimama kwenye foleni. Mama wa kibandani, wale wanaomwita kila mteja mpenzi, akamsalimu mzee kwa jina, akanipima mimi juu mpaka chini, akaweka kisu chini.

"Ndiye huyu, mpenzi?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Foleni nzima ikageuka.

Mama akafunga mbili kwenye karatasi. Akachukua ya tatu, akaniinulia, akauliza kama na hii aifunge au nitaila njiani na mbwa.