Laki mbili za kitambaa

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha mbili WhatsApp. Viti viwili vya ofisi, kiwanda kimoja, umbo lilelile, magurudumu yaleyale. Kimoja kimevalishwa kitambaa cha kawaida, kingine kitambaa ambacho muuzaji anakiita "premiamu", na kati yao kuna tofauti ya laki mbili na ushee. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, nichukue kipi?"

Nikamjibu: cha kawaida. Akanirudishia kikatuni cha kushangaa. Amepata kazi ya kufanyia nyumbani, mshahara wa kwanza umeingia, alitaka mtu mzima mmoja ambariki anunue cha bei. Na sisi wahasibu tunajulikana kwa ubahili, kwa hiyo nadhani aliona ndiyo yaleyale. Safari hii siyo ubahili. Nina sababu, na sababu yenyewe niliinunua kwa hela yangu.

Kiti changu cha kwanza cha kufanyia kazi nyumbani, Tabata, hakikuwa cha kitambaa kabisa. Kilikuwa cha leza, ile ngozi ya bandia, nyeusi, inang'aa, mgeni akiingia anadhani kuna mkurugenzi anakaa pale. Mwaka wa kwanza tulielewana. Wa pili ikaanza kuchanika pale paja linapogusa, kisha ikawa inabanduka vipande vidogovidogo. Nikiinuka jioni na bukta yangu, mapaja kwa nyuma yamejaa magamba meusi. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, aliniuliza kwa huruma kabisa: "Baba, unachunika?"

Leza ya aina ile ni kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki ya poliyurethani, na kinachoimaliza ni unyevu. Mvuke wa hewani unapenya taratibu na kuikata ile plastiki kwa ndani, joto linaharakisha kazi, jasho linamalizia. Sasa sisi wa pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, tuna nini hewani zaidi ya hivyo? Hata kiti kikiwa stoo hakijakaliwa na mtu, kinazeeka. Ndiyo maana mtu akiniuliza leza au kitambaa simpi muda mrefu. Kitambaa.

Kitambaa gani, hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Nilipokitupa kile cha leza nikaapa sitanunua tena kitu cha ovyo. Nikaenda kuchukua kiti cha gemu, laki sita na nusu, kitambaa chake kizito cha kijivu, kimefumwa kwa nyuzi za rangi mbili, ukikipitisha kiganja unajisikia tajiri. Muuzaji alinimwagia maji ya kunywa pale kwenye kalio la kiti nione yanavyoteleza. Yaliteleza kweli. Nikalipa.

Mwaka na nusu baadaye kitambaa kilikuwa bado kipya. Hakijatoa vinyweleo, hakijapauka. Ila ikifika saa tano asubuhi nilikuwa naukalia ubao. Nikakipakia kwenye bajaji hadi Keko, kwa fundi wa masofa ambaye mke wangu humpelekea viti vya kulia. Fundi akakipindua, akachomoa pini moja moja kwa bisibisi bapa, akafunua. Juu kulikuwa na tabaka la sponji laini unene wa vidole viwili. Chini yake vipande vya sponji vya rangi tofauti, vimegandishwa kwa gundi, katikati vimeshapondeka na kuwa vyembamba kama chapati. Kisha plaiwudi. Akavibonyeza kwa dole gumba, akanitazama.

"Kaka, hapa ulinunua kitambaa. Kiti hukununua."

Sijawahi kupata ushauri bora wa samani, na ulikuja ukiwa umechelewa.

Sponji hupimwa kwa uzito wake: mita moja ya ujazo ina kilo ngapi. Ya rahisi iko kwenye kilo ishirini na kitu, hewa tupu. Unaisifia ukiwa dukani, baada ya miezi imelala. Nzuri ya kiti cha kazi huwa hamsini au zaidi, na mara nyingi humiminwa kwenye kalibu ikatoka na umbo lake moja, haikatwi kutoka kwenye bonge kama godoro. Muuzaji hatakuambia namba hiyo, pengine hata yeye hajui. Basi piga goti moja juu ya kalio la kiti, weka uzito wako wote pale katikati. Goti likigonga ubao, weka hela yako mfukoni, hata kama kitambaa kimetoka peponi.

Nisiseme kitambaa hakina tofauti, nitakuwa mwongo. Kuna kipimo kinaitwa Martindale: kipande cha kitambaa kinasuguliwa kwa kitambaa cha sufu, mashine inazungusha na kuzungusha mpaka nyuzi zianze kukatika, wanahesabu mizunguko. Cha sofa la nyumbani kikivuka 20,000 hivi kinatosha. Cha ofisi hutakiwa kufika 40,000 na kuendelea. Vile vya bei hujisifia namba kubwa mara mbili, mara tatu ya hapo. Lakini namba za juu sana hazikuongezei maisha ya kiti. Marekani wana kipimo chao cha kusugua mbele na nyuma, na chama cha wenye vitambaa vya maofisini hukohuko kinasema ukivuka 100,000 tofauti haina maana tena kwenye matumizi halisi. Wauza vitambaa wenyewe hao. Suruali yangu haina hata uwezo wa kusugua mara hizo. Itatoboka yenyewe kwanza.

Na ile kuteleza kwa maji ni dawa inayopakwa juu. Inaisha. Chai ya maziwa iliyomwagika mwezi wa kwanza iliteleza, ya mwaka wa pili ikanywewa na sponji, tena ilikuwa masika. Wiki nzima kiti kilikuwa barazani na hakikukauka, kilinuka kama dishi la nguo zilizosahauliwa. Tangu hapo nalithamini jambo ambalo matangazo hayalitaji kabisa: zipu. Kiti cha kitambaa cha kawaida ambacho kava lake linavuliwa na kufuliwa na Foma, kwangu ni bora kuliko cha bei kilichogongwa pini kila upande.

Hivi viti vya gemu navyo, ngoja niseme kidogo halafu nipite. Umbo lile limetoka kwenye gari la mashindano. Kampuni ya DXRacer ndio walioanza kulileta mezani, mwaka 2006. Zile mbavu za pembeni ni za kumshika dereva asirushwe kwenye kona. Mimi kona ninayokata ni ya kutoka kwenye Excel kwenda WhatsApp. Mwenye nyonga pana zinambana tu, na hakuna kitambaa cha kulirekebisha hilo. Vijana wanavipenda, najua, na mpwa wangu atasoma hapa anune.

Kama tatizo lako hasa ni joto, basi hata mjadala wa vitambaa viwili haukusaidii. Umeme ukikatika saa nane mchana na feni ikasimama, kitambaa chochote juu ya sponji kitakuloanisha mgongo. Hapo tafuta neti. Kampuni ya samani ya Marekani, Herman Miller, walipotoa kiti cha ofisi kinachoitwa Aeron mwaka 1994, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick, waliondoa sponji yote wakatandaza neti kwenye fremu, na watu wakashangaa. Sisi tungeshangaa nini? Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, kile cha mpingo na nakshi za pembe, kimesukwa kwa kamba kalioni na mgongoni. Mwenye nyumba wa Lamu alijua upepo upite wapi. Neti nzuri ni ghali, lakini hapo hela unaipelekea upepo, hata sikulaumu.

Cha mtumba kutoka maofisi ya Ulaya? Mara nyingi mifupa yake ni mizuri kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Ila kifunue mishono ukiwa juani kabla hujakiingiza ndani. Kunguni hawaulizi kitambaa ni premiamu au la.

Kuna mahali nakubali kushindwa. Kitambaa cha chini kabisa, kile kigumu kama gunia jembamba, sikipendekezi kwa mtu yeyote: kinawasha, kinakula suruali, miezi sita kimejaa vijipira vya nyuzi. Ninaposema cha kawaida simaanishi hicho. Na kama una paka, kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, kisicho na vitanzi vya kuingiza kucha, kitakuokoa, na mara nyingi hicho kinapatikana kwenye vya bei. Mpwa wangu hana paka.

Mimi kile kiti cha laki sita na nusu bado ninacho. Fundi alikiwekea sponji nzito, akakirudishia kitambaa chake cha kijivu, tukamalizana. Baadaye mke wangu akaona kimepooza, akapeleka kitenge kilichobaki kwenye gauni, kiwekwe juu. Fundi alituonya kwamba kitenge ni chepesi mno kwa kazi hiyo. Miezi minne kilidumu, kikatatuka pembeni, na bado nilikuwa nimekaa vizuri, kwa sababu cha chini yake kilikuwa imara. Sasa kimevaa kitambaa cha kawaida cha sofa, mita moja na nusu kutoka Kariakoo.

Juzi mpwa ameandika tena. Alienda dukani na lile jambo langu la goti. Cha premiamu kiligonga ubao. Akapiga goti kwenye cha kawaida, nacho kikagonga ubao. Muuzaji akamwambia kaka, viti siyo msikitini. Kijana katoka bila kiti, anafanyia kazi kwenye kiti cha plastiki cha mama yake, na Jumamosi ananipitia twende Keko.