Walilipa ada, wakapata sifuri: tunawalaumu nini wanafunzi wa sasa?

Tangu elimu ya sekondari Tanzania iwe bila ada, watoto hawajitumi na hawana shukrani. Kauli hii nimeisikia katika ofisi za walimu za shule mbili za kata nilizofundisha, na nimeisikia kwa wazazi wenyewe kwenye vikao. Hoja yake inaeleweka haraka: cha bure hakiumi. Mzazi asiyetoa shilingi haulizi mtoto kapata ngapi, na mtoto asiyeulizwa hashiki kitabu. Nafundisha Baiolojia, huu ni mwaka wa kumi na nne. Hoja hiyo siipuuzi, ila naona inawaangukia wasiostahili.

Kwanza niwatendee haki wenzangu wanaoisema, kwa sababu inatoka kwenye uchovu wa kweli. Kuna mwalimu anayebaki hadi saa kumi na moja jioni kwa masomo ya ziada ambayo halipwi hata senti, na darasa la watoto sabini limebakiza kumi na wawili. Siku ya gulio madawati yanakuwa matupu. Unasahihisha madaftari usiku, asubuhi unayarudisha, na mwanafunzi analifungia lake kwenye begi bila hata kutazama kalamu nyekundu ilipita wapi. Wazazi nao wapo walioelewa kwamba "bila ada" maana yake ni bila chochote, wakati sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki kuwa wajibu wao. Ukiomba debe la mahindi kwa ajili ya makande unajibiwa kwamba serikali imeshalipa. Mtoto wa mzazi huyo ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na atakaa na njaa hadi saa tisa alasiri. Ndiye huyohuyo tutakayemwandika kwamba anasinzia darasani.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kiungo cha katikati, kwamba ada ndiyo iliyokuwa ikiwafanya watoto wasome.

Ada ya shule ya sekondari ya kutwa iliyofutwa Januari 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa familia nyingi za vijijini hizo zilikuwa fedha hasa, lakini zilipokosekana aliyerudishwa nyumbani alikuwa mtoto, siyo mzazi. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyejua Baiolojia zaidi kwa kukaa wiki mbili nyumbani akisubiri korosho ziuzwe.

Halafu kuna mwaka 2012, ambao nimeshindwa kuuacha. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata divisheni sifuri, yaani walifeli. Ni zaidi ya asilimia 60. Hao walilipa ada. Wazazi wao waliuza mbuzi na mpunga, wakaweka risiti kwenye mifuko ya nailoni. Kama kulipa kunazaa bidii, kizazi hicho kilipaswa kuwa na bidii kuliko hiki cha sasa. Lakini hata wao waliitwa wavivu. Nakumbuka maneno ya wiki ile: watoto wanacheza, watoto wanaandika matusi na michoro kwenye karatasi za mtihani.

Kilichofuata ndicho kinachonifikirisha hadi leo. Serikali iliunda tume, ikabainika kwamba mwaka ule alama zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu mpya, tofauti na uliozoeleka. Matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na mwezi Mei yakatangazwa tena. Ufaulu ukapanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Karatasi zilikuwa zilezile. Hakuna mtoto aliyeingia tena chumba cha mtihani, hakuna aliyesoma ukurasa mmoja zaidi kati ya Februari na Mei. Ila makumi ya maelfu waliokuwa "wavivu" mwezi wa pili walikuwa wamefaulu mwezi wa tano. Nilikuwa nimemwambia mmoja wao, kwa mdomo wangu, kwamba amevuna alichopanda.

Tangu hapo natamka neno uvivu kwa woga. Na ili nisipendelee upande wangu, sizitumii takwimu za baadaye kushangilia pia. Ufaulu wa kidato cha nne mwaka 2023 ulikuwa karibu asilimia 89, lakini divisheni ya nne, daraja la chini kabisa la kufaulu, hupatikana kwa D mbili tu, kwa hiyo siwezi kusema watoto wa bila ada wamejituma maradufu kuliko watangulizi wao. Ninachosema ni kwamba alama peke yake haijui jasho lilitoka kiasi gani.

Basi kama siyo ada, ni nini? Kwangu jibu kubwa ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua tangu shule ya msingi, anajua jani linahitaji mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Januari anaingia kidato cha kwanza na kila alichokijua kinavuliwa jina. Anapewa wiki chache za kujiandaa kwa Kiingereza, kisha mwalimu anaanza kuandika ubaoni. Akinyoosha kidole anaanza kwa kuomba ruhusa: "Mwalimu, naomba nichanganye lugha." Wengi hawaombi. Wananyamaza, nasi ule ukimya tunauita kutojituma.

Nilikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, kila nukta imenakiliwa. Kwenye jaribio alipata 8 kwa 100. Nikamwandikia: "Jitume zaidi." Siku moja nikaona kurasa za nyuma za daftari, ameandika notisi zilezile neno kwa neno mara nne. Nilidhani anachezea karatasi. Kumbe ndivyo alivyokuwa akisoma usiku kwa taa ya sola, anakariri umbo la maneno asiyoyaelewa. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili mmea unavyojitengenezea chakula. Akanieleza kwa nini mahindi yaliyo chini ya mkorosho wa babu yake hutoka membamba na ya njano, na yaliyo wazi huwa ya kijani na manene. Alieleza vizuri kuliko nilivyofundisha. Mtoto huyo alikuwa anajituma kupita kiasi. Alichokosa ni kuona bidii yake ikimrudishia kitu, na mtu yeyote asiyeona mavuno misimu miwili mfululizo huacha jembe.

Kuhusu shukrani, sitajifanya hainiumi. Mwalimu ni binadamu, na asante ni chakula pia. Lakini nimegundua jambo ambalo lilinichukua miaka kuliona. Ndani ya geti wanafunzi wetu wanatakiwa kuzungumza na mwalimu kwa Kiingereza. Mtoto mwenye la kushukuru anapaswa kulipitisha kwenye lugha asiyonayo, tena mbele ya wenzake watakaomcheka. Ananyamaza. Nje ya geti, njiani, ni mtu mwingine: "Shikamoo mwalimu, lete nikubebee hayo madaftari. Lile swali la jana nimelipata." Wengi tunatoka shule kwa bodaboda, hatuwasikii.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri kuliko mimi, ananipinga. Anasema mtihani wa Novemba utakuja kwa Kiingereza, na kila dakika ya Kiswahili darasani namwibia mtoto zoezi atakalolihitaji. Hoja yake ina uzito, kwa sababu sisi hatutungi mtihani. Ndiyo maana sijaacha Kiingereza. Kwenye kipindi cha dakika themanini, ishirini za kwanza wanajadili kwa Kiswahili kwa vikundi, kisha tunayatafuta maneno ya Kiingereza ya kile ambacho tayari wanakijua, kisha wanaandika. Mada zinakwenda taratibu, na muhula uliopita nilibaki nyuma kwa mada nzima. Hilo ni gharama halisi na mwenzangu ana haki ya kunikumbusha.

Yule binti jaribio lililofuata alipata 34. Ni D. Nilichukua daftari lake, nikarudi kwenye ukurasa wa ile 8, nikayakata maneno niliyokuwa nimeyaandika.