Walimu wa Cambridge, walimu wa S1

Wazee waliosoma kabla ya uhuru hawachoki: "Sisi tulifunzwa na watu wa Cambridge na Makerere, si hawa wenu." Juzi nimeyasikia tena matangani, hapa hapa Nairobi.

Wana hoja. Mwingereza Carey Francis aliacha kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge akaja shule ya Maseno mwaka 1928, kisha akaiongoza shule ya upili ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Makerere nayo, chuo cha Uganda kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, ilitoa watu walioiva: digrii ya somo kwanza, ualimu baadaye. Mwalimu wa aina hiyo hababaiki akiulizwa swali lisilo kitabuni.

Lakini walimfunza nani? Mwaka 1963 Kenya nzima ilikuwa na shule za upili kama 150 na wanafunzi wapatao 30,000. Elfu thelathini, kuanzia Mombasa hadi Kisumu! Wote wangeingia uwanja wa Kasarani na viti vikabaki. Tena walikuwa wameshachujwa na mitihani hadi zikabaki punje zile nene tu. Ukipewa darasa la namna hiyo, sijui kama sifa yote ni ya digrii yako.

Uhuru ulipokuja, wenye digrii waliitwa maofisini kujaza viti vya Wazungu. Shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wananchi, zikachipuka kila kona, na kemia ifunzwe na nani? Ndipo serikali, kwa msaada wa Sweden, ikafungua chuo cha walimu wa sayansi Ngong Road. Miaka mitatu, unatoka na diploma: S1.

Wangu wa kemia alikuwa S1. Maabara haikuwa na gesi, akatutengenezea taa za spiriti kwa chupa za wino na utambi. Kwenye bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, alituchuchumaza mmoja mmoja: "Jicho lilingane na maji. Bado. Shuka tena." Swali likimzidi alisema, "Hilo utalikuta chuo kikuu." Hapo wa Makerere angemshinda, nakubali. Ila wa Makerere hakuwepo, alikuwa wizarani.

Na kuna kipande ambacho wazee wale hukiruka. Carey Francis alipostaafu Alliance hakurudi Uingereza. Alikwenda Pumwani, Eastlands, akafundisha kama mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.