Talaka si deni

Kuna makala ambayo mwandishi wake anadai kwamba hukumu ya talaka iliyotolewa ng'ambo husajiliwa Kampala, Uganda, kama hukumu ya deni. Sivyo. Utaratibu wa usajili katika sheria ya mwaka 1961 ya kutekeleza hukumu za kigeni unahusu fedha zinazopaswa kulipwa, ilhali talaka hubadilisha hadhi ya mtu, yaani kama yumo katika ndoa au la. Kwa talaka, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Uganda hutaka kujua iwapo mahakama ile ya ng'ambo ilikuwa na mamlaka, iwapo haki ya asili (kila upande kupewa nafasi ya kusikilizwa bila upendeleo) ilizingatiwa, na iwapo hukumu haikupatikana kwa hila. Kwangu, zito ni kusikilizwa: mke aliyebaki Mbale bila kupata hata wito wa mahakama, hukumu ya London imfunge kwa lipi?