Ukuta mrefu unamficha nani?

Kamwene ndugu zangu wa Iringa. Juzi nilitoa mashine nje ili niufyeke uzio wa miti hapa ninapoishi Ujerumani, jirani akaniwahi: ndege wametaga humo, subiri Oktoba. Kweli, sheria ya nchi nzima inakataza kuukata sana uzio wa miti kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30. Unaruhusiwa kupunguza machipukizi tu. Niliudhika. Baadaye nikakumbuka kuta zetu za Gangilonga na vipande vya chupa juu yake, nikaudhika zaidi.

Najua mtakavyosema: huyu kafika Ulaya, sasa anatuona washamba. Hapana. Nimekulia Kihesa. Nguo zetu zimeanuliwa na wezi, kuku wamebebwa usiku wa baridi ya Julai. Na huku nyumba zinavunjwa pia. Ninachokataa ni ukuta wa kuziba macho.

Mama kaniomba hela ya kuongeza kozi tatu za tofali kwenye ukuta na seng'enge juu, wakati paa la jiko linavuja. Mwizi akishavuka, nani atamwona? Jirani kazibwa. Atang'oa grili kwa nafasi, kama fundi aliyelipwa. Kwa bibi Kilolo tulikuwa na michongoma: mpita njia mnasalimiana, ila kupenya hathubutu.

Mtaniambia Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, naye alijenga ukuta. Alijenga, wa mawe, pale Kalenga, na najivunia. Baada ya kuchapwa na Wahehe pale Lugalo mwaka 1891, Wajerumani walirudi na mizinga, wakaingia Kalenga Oktoba 1894. Lakini ukuta ule ulizunguka mji. Watu walikuwa ndani pamoja, hawakujikinga kila mmoja na jirani yake. Msimtumie babu yetu kutetea chupa zenu.

Na wewe unayesema "njoo ulale huku bila ukuta uone": anayelala huko ni mama yangu, sibahatishi. Hela natuma. Fundi nimeshamwelekeza: kozi nne za tofali chini, juu wavu mpaka kimo cha mtu, michongoma kwa ndani, taa za sola kwenye kona, na mlango wa jirani uonekane. Inayobaki iende kwenye ulinzi shirikishi, maana mtaani kwetu wenye kuta ndefu ndio wa kwanza kukwepa mchango, na usiku wakivamiwa wanapiga yowe tuwakimbilie. Tunapitia wapi?